Tangawizi Kwenye Kitalu Nyumba: Ukiona Hivi, Fukua Hapa

Vitalu nyumba vingi vilivyosimama pembezoni mwa miji yetu vilijengwa kwa ajili ya nyanya na hoho. Nailoni imevutwa juu mpaka mwisho, kuta ni neti, mipira ya matone imelazwa juu ya matuta, na jua linaingia lote kwa kuwa nyanya inalitaka lote. Nyanya ilipokataa, ama kwa mnyauko ama kwa bei, wenye vitalu wakaanza kutafuta zao jingine la kuweka humo, na tangawizi ikaonekana inafaa: haitaki kamba, haitaki kupogolewa, na bei ikiwa mbaya inaweza kungoja ardhini wiki kadhaa.

Lakini tangawizi si nyanya. Ni mmea wa Asia ya kitropiki, ndugu yake manjano na iliki, na unapenda kivuli chepesi, joto lisilopanda na kushuka ovyo, hewa yenye unyevu na udongo tifutifu usiotuamisha maji. Matatizo mengi yanayoletwa kwa mabwana shamba yanaanzia hapo: mtu ameingiza tangawizi kwenye nyumba ya nyanya na anaitunza kama nyanya. Yanayobaki yamekuja na mbegu.

Niseme pia mapema kwamba si kila mahali panahitaji nailoni. Ukiwa Tanga mjini, Morogoro, Kilifi au Unguja, joto unalo tayari, na neti ya kivuli juu ya nguzo za miti inatosha. Nailoni ina maana kwenye baridi, kwa mfano Lushoto, Njombe au Limuru, au pale mvua inapopiga kiasi cha kuozesha kila kitu. Kama uko pwani na umeshajenga, usibomoe. Fungua kuta na utandaze neti juu.

Kabla ya yote, vuta, kata, nusa

Jani la tangawizi lina namna chache za kulalamika. Linageuka njano, linajikunja, au linakauka ncha, na sababu nyingi zisizohusiana kabisa hutoa sura hiyohiyo. Ukisoma majani peke yake utanunua dawa isiyohusika. Kwa hiyo chagua mmea mmoja ulioathirika na mwingine wenye afya, uwafanyie wote wawili uchunguzi uleule.

Shika shina chini kabisa, pale linapoingia ardhini, ulivute polepole kwenda juu. Shina zima linakataa, na tuta linaanza kupasuka kabla halijaachia. Shina lililooza shingoni linakuja mkononi bila ubishi. Kisha fukua pembeni kwa vidole, si kwa jembe, uvunje kipande kimoja cha tunguu, yaani ile tangawizi yenyewe iliyo ardhini. Kikate katikati. Tunguu zuri ndani lina rangi ya njano hafifu, linatoa majimaji na harufu kali ileile unayoijua jikoni. Rangi ya kahawia, ulaini wa kubonyea au harufu ya uvundo ni dalili, na kila moja ina maana yake. Mwisho osha mizizi kwenye ndoo uitazame juani. Kazi yote hii haimalizi robo saa, na inaondoa nusu ya mashaka.

Nimepanda, mwezi umepita, hakijatoka kitu

"Shikamoo bibi shamba. Tangawizi yangu imegoma kuota, huu mwezi wa pili."

"Marahaba baba. Mbegu ulitoa wapi?"

"Sokoni."

Basi mazungumzo mara nyingi huanzia hapo. Tangawizi ni mzito wa kuamka. Kwenye udongo wenye joto zuri huchukua wiki tatu hadi nane kutoa chipukizi juu ya ardhi, kwa hiyo mwezi mmoja wa kimya si msiba. Fukua kipande kimoja ukitazame.

Kama ni kigumu, kizito, na macho yamevimba au yametoa ncha nyeupe, kirudishe na usubiri. Kama ni kigumu lakini macho yamelala kabisa, uliza mambo mawili. La kwanza ni umri wa mbegu. Tangawizi ya sokoni mara nyingi imeng'olewa ikiwa bado changa, ikaoshwa na kusuguliwa mpaka macho yakachubuka, na ile iliyoagizwa kutoka nje huenda ilishafanyiwa matibabu ya kuizuia isichipue. Mbegu nzuri ni tunguu lililokomaa, la miezi tisa au kumi, lililopumzishwa kivulini mpaka likaanza kuonyesha macho lenyewe. La pili ni joto la udongo. Chini ya nyuzi 15 za Selsiasi jicho halisogei. Wakulima wa milimani wanaopanda Juni wakitegemea nailoni itawabeba wanasahau kwamba nailoni nyembamba usiku haihifadhi joto la maana. Alfajiri ndani na nje hutofautiana kidogo sana. Afadhali kuotesha mbegu kwanza ndani ya nyumba, kwenye kreti lenye pumba za nazi au mchanga wenye unyevu kidogo, karibu na jiko, halafu zihamie kitaluni kipupwe kikishapita.

Kama kipande ni laini na kinanuka, umekimwagilia mno kabla hakijawa na mizizi. Kipande kisicho na mizizi hakinywi maji, kinaogelea tu. Baada ya kupanda, mwagilia mara moja vizuri, funika kwa matandazo, kisha acha mpaka udongo wa juu ukauke kina cha kifundo cha kidole. Sababu nyingine ya kuoza mapema ni kupanda vidonda vibichi. Ukishakata vipande vya gramu 30 hadi 60, kila kimoja na macho mawili au matatu, viache kivulini siku mbili tatu mpaka sehemu iliyokatwa ikauke na kufanya ngozi. Usipande kwenda chini zaidi ya sentimita 5 hadi 8. Kwenye udongo mzito usifike hata huko.

Majani yanajikunja saa saba mchana

Jani likijikunja kama bomba mchana na kufunguka jioni, mmea unajikinga na jua, haujaugua. Ingia kitaluni saa saba, uning'inize kipimajoto katikati ya majani. Usikipachike ukutani wala mlangoni, kwa sababu huko hakitakuambia ukweli. Tangawizi hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 30. Ikipita 32 na jua likiwa linapiga moja kwa moja, majani huanza kupauka na kuungua kingo, na kitalu cha nailoni kisicho na matundu ya juu hupita 40 kwa urahisi maeneo ya tambarare.

Dawa yake ni neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 50, iliyofungwa juu ya nailoni ikiwezekana, kwa sababu ikiwa chini ya nailoni joto linakuwa limeshaingia. Fungua na kuta. Wako wanaopaka nailoni chokaa iliyochanganywa na maji, na inafaa, ila mvua ya kwanza inaiosha. Mvuke wa maji hewani nao unasaidia: lowesha njia katikati ya matuta asubuhi. Usiloweshe majani jioni, maana yatalala na maji.

Jani likibaki limejikunja mpaka usiku wakati udongo una unyevu, acha habari za joto. Nenda kwenye sehemu ya mimea iliyolala hapa chini.

Ncha na kingo zimekauka, katikati kijani

Hii mara nyingi ni chumvi. Tangawizi haivumilii chumvi, na kitalu nyumba ni mahali pazuri mno pa kuikusanya kwa sababu mvua haiingii kuiosha. Visima vingi vya Dar es Salaam na ukanda wote wa pwani vina maji ya chumvichumvi. Ukiyamwaga kila siku kwa matone, maji yanaruka hewani na chumvi inabaki. Piga magoti utazame pale tone linapoangukia. Utaona duara lenye unyevu, na pembeni yake ukingo mweupe wa unga uliokauka. Ramba kidogo kwa ncha ya ulimi kama huamini. Vitundu vya mpira navyo huziba kwa unga huohuo.

Samadi isiyooza vizuri na mbolea ya dukani iliyorundikwa shingoni mwa mmea huleta sura hiyohiyo. Samadi ya kuku ndiyo mbaya zaidi.

Ukiwa na maji ya mvua au ya bomba yasiyo na chumvi, gharikisha tuta mara mbili tatu ili chumvi ishuke chini, mradi tu tuta limeinuliwa na maji yana pa kutokea. Baada ya hapo vuna maji ya paa lako la nailoni. Paa la kitalu chenyewe linakamata maji mengi kila masika, na watu wanayaacha yachimbe mfereji mlangoni.

Majani ya njano

Kwanza tazama kalenda. Tangawizi iliyofikisha miezi minane au tisa inageuka njano, inakauka na kulala chini, na hilo ndilo tangazo la kuvuna. Kila mwaka kuna mtu anayeipa mbolea ya naitrojeni na maji mengi tangawizi iliyokomaa, akidhani inaumwa, na anaishia kuozesha mavuno.

Kama bado ni changa, uliza ni majani yapi. Njano iliyoanzia majani ya chini, jani zima limepauka sawasawa, mmea umedumaa lakini shina halivutiki na tunguu ni zuri: hiyo ni njaa ya naitrojeni. Tangawizi inakula sana. Mboji iliyoiva ikitandazwa kila baada ya wiki sita hivi, pamoja na mbolea ya CAN kidogo iliyowekwa mbali na shina, hurudisha rangi. Majani ya chini yakiwa ya njano katikati ya mishipa huku mishipa imebaki kijani, magnesiamu imepungua, na hilo huonekana sana kwenye mchanga na kwa watu waliomwaga potashi kwa wingi.

Sasa geuza: majani ya juu, yaliyotoka karibuni, ndiyo yenye njano au weupe, mishipa kijani, ya chini hayana neno. Hapo ni madini ya chuma. Kwenye udongo uliotokana na matumbawe, kama sehemu kubwa ya mashariki ya Unguja na baadhi ya maeneo ya Kilifi na Mombasa, chuma kipo lakini kimefungwa kwa sababu udongo una alikali. Tangawizi inataka pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ya 5.5 hadi 6.5. Huwezi kubadilisha mwamba wa matumbawe kwa mfuko mmoja wa mbolea, kwa hiyo panda kwenye viroba vya udongo ulioletwa kutoka kwingine na kuchanganywa na mboji na pumba za nazi. Tena viroba vina faida nyingine nitakayoitaja chini. Na kamwe usitie chokaa wala majivu kwenye udongo wa namna hii, hata kama jirani anasema majivu yamemsaidia. Udongo wake ni mwingine.

Njano iliyotawanyika bila mpangilio, mmea mmoja hapa, mwingine pale, imedumaa, hailingani na majirani zake: osha mizizi. Ukikuta mizizi ina vinundu vilivyovimba, na kwenye tunguu kuna mabaka ya kahawia yenye majimaji chini tu ya ngozi, hao ni minyoo fundo. Wamebaki kutoka kwenye nyanya. Hakuna cha kuokoa msimu huu zaidi ya kuupa mmea mboji na maji ya kutosha ufike mavuno. Msimu ujao usipande kwenye udongo huo kabla hujauchemsha kwa jua: lowesha tuta, lifunike kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, zika kingo zote, funga kitalu, uache wiki nne hadi sita za kiangazi kikali. Kitalu kilichofungwa hufanya kazi hii vizuri kuliko shamba la wazi, na ni moja ya mambo machache ambayo nailoni inawapa watu wa pwani bure.

Mmea umelala

Hapa ndipo fedha hupotea. Magonjwa matatu hufanana ukiyatazama kutoka mlangoni, lakini hayafanani ukiyashika, na matibabu ya moja hayagusi jingine.

La kwanza ni kuoza kulaini. Linaanza na njano kwenye ncha za majani ya chini, inapanda, na wakati huohuo shingo ya shina pale ardhini inakuwa na rangi ya kulowa, kama iliyomwagiwa maji ya moto. Vuta: shina linatoka. Tunguu chini limekuwa uji wa kahawia na harufu inakufanya ugeuze uso. Anayefanya hivi ni kiumbe cha udongo kiitwacho Pythium, ambacho husafiri kwa kuogelea, kwa hiyo kila tuta lenye maji yaliyotuama ni barabara yake. Watu wengi hukimbilia dawa ya kuvu ya kawaida yenye kabendazimu. Haifanyi kitu, kwa sababu Pythium si kuvu wa kweli na dawa hiyo haimgusi. Yenye metalaksili ndiyo inayomfikia, na hata hiyo ni ya kuwakinga majirani. Mmea ulioshalegea shingo haurudi. Ng'oa pamoja na udongo unaouzunguka, toa nje kwenye ndoo, punguza maji mara moja, na upandishe matuta yafike sentimita 25 au 30. Kama tuta lako liko sawa na njia unayopita, hilo ndilo lililokuponza.

La pili ni mnyauko bakteria, na hili ndilo la kuogopwa na kila aliyerithi kitalu cha nyanya. Majani yanajikunja na kulegea yakiwa bado kijani, kisha yanakuwa na rangi ya shaba, na ndani ya siku chache mmea mzima umekauka umesimama. Tunguu mwanzoni linaonekana zuri kwa nje. Ukilikata unaona duara jeusi la maji, na ukiliminya linatoa ute wa rangi ya maziwa.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Chagua shina lililonyauka jana au leo, si lile lililokauka wiki iliyopita. Kwa kisu kikali kata kipande cha urefu wa kidole kutoka sehemu ya chini. Jaza bilauri ya kioo maji safi, yaache yatulie kabisa, kisha kishike kipande wima kwa njiti iliyolazwa juu ya mdomo wa bilauri, ncha yake ya chini ikiwa imeingia majini kiasi cha ukucha. Weka kitambaa cheusi nyuma ya bilauri. Usitikise meza. Kama ni bakteria, ndani ya dakika chache nyuzi nyeupe nyembamba zitaanza kuteremka kutoka kwenye kidonda, taratibu, kama moshi wa udi uliogeuzwa uelekee chini. Ukiiacha kwa muda, bilauri nzima inakuwa na ukungu. Kama maji yamebaki safi baada ya nusu saa, tafuta sababu nyingine.

Ukiona nyuzi hizo, hakuna dawa. Atakayekuuzia dawa ya kutibu mnyauko bakteria anauza maji yenye rangi. Bakteria huyu, Ralstonia, ana koo nyingi, na si kila ukoo unaoua nyanya utaua tangawizi, lakini kujaribu bahati hiyo kwa mtaji wa mbegu ni mchezo wa ghali. Kinachofanyika ni kuzuia. Funga maji ya mstari huo. Ng'oa mmea ulioumwa na wa kila upande wake hata kama inaonekana mizima, weka kwenye mfuko, choma au zika mbali, usiipeleke kwenye mboji. Kisu, jembe na viatu vichovywe kwenye maji ya klorini kabla ya kugusa tuta jingine, na ukanyage kitaluni kuanzia upande mzima kuelekea upande mgonjwa, si kinyume. Hapo ndipo faida ya viroba inapoonekana: kiroba kinatoka na ugonjwa wake, tuta haliwezi kutoka. Usirudie tangawizi, nyanya, pilipili, biringanya wala viazi mviringo kwenye udongo huo kwa miaka. Mahindi yanafaa.

La tatu ni mnyauko fuzari, na lenyewe halina haraka. Mmea unadumaa, majani ya chini yanakuwa njano na kukauka moja moja kwa majuma, shina linanyauka lakini ukivuta linakataa. Kata tunguu: ndani pana mistari na mabaka ya kahawia, pakavu, hapanuki kama lile la kwanza. Ukilihifadhi linasinyaa na kubaki ganda lenye nyuzi. Huyu ni kuvu anayekaa kwenye udongo miaka mingi, na karibu kila mara aliingia kitaluni ndani ya mbegu. Ukimpata kwenye mimea michache, maliza msimu, vuna mapema, uza yote kwa kuliwa, usihifadhi hata kipande kimoja cha mbegu kutoka humo.

Kwa kifupi cha mkononi: linachomoka na linanuka, Pythium, limenyauka kijani na bilauri ina nyuzi, bakteria, limedumaa polepole na halichomoki, fuzari. Ukikuta dalili mbili kwa pamoja usishangae. Tunguu lililojeruhiwa na minyoo fundo hufungua mlango kwa wote watatu.

Vitone, utando na unga mweupe

Vitone vidogovidogo vya njano juu ya jani, na ukiligeuza unaona utando mwembamba na vijidudu vinavyotembea, ni utitiri mwekundu. Anapenda kitalu kikavu chenye joto, yaani kitalu cha nyanya. Nyunyizia maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi siku kadhaa mfululizo, ongeza unyevu wa hewa, na kama wamezidi tumia sabuni ya maji au mafuta ya mwarobaini. Salfa inawaweza pia, ila usiipulize joto likiwa juu ya nyuzi 30, itaunguza majani. Dawa kali za wadudu za jamii ya pareto ya viwandani huua maadui wa utitiri na kumwacha mwenyewe anazaana. Watu hupuliza, wanaona amezidi, wanapuliza tena.

Madoa ya mviringo yenye katikati nyeupe, ukingo wa kahawia na duara la njano ni doajani. Huenezwa na matone ya maji. Kitaluni tone hilo hutoka darini: nailoni inatokwa jasho usiku na kudondosha alfajiri. Pitisha hewa mapema na umwagilie chini tu.

Unga mweupe kama pamba kwenye makutano ya jani na shina, au magamba ya kijivu juu ya tunguu, ni vidung'ata na wadudu gamba. Wakiwa wachache futa kwa kitambaa chenye sabuni. Tunguu lenye magamba lisiwe mbegu.

Majani marefu, tunguu dogo

Malalamiko haya huja baada ya mavuno, wakati hakuna la kurekebisha, lakini sababu ni rahisi kuzijua. Naitrojeni nyingi bila potashi inajenga majani. Kivuli kilichopita nusu kinafanya mashina kurefuka yakitafuta mwanga. Kuvuna ikiwa na miezi mitano au sita hukupa tangawizi changa, laini, isiyo na nyuzi, ambayo ina soko lake la achari lakini haina uzito. Na kutopandishia udongo ndiko kosa la kawaida kuliko yote. Tunguu hutambaa kuelekea juu na pembeni. Likifika juani linageuka kijani na kuacha kunenepa. Ukijani huo hauna sumu kama wa kiazi, ila mnunuzi hatautaka. Pandishia udongo na mboji mara mbili au tatu katika msimu. Kwenye kiroba, kunja kingo chini wakati wa kupanda, halafu zikunjue juu kadiri unavyoongeza udongo. Kiroba kikianza kutanuka na kupasuka ubavuni, hiyo ni habari njema.

Urefu wa siku nao una sauti. Siku zikiwa ndefu mmea hukuza majani, zikifupika hunenepesha tunguu. Karibu na ikweta siku ni saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo hilo halitusumbui sana, ingawa taa ya ulinzi inayowaka juu ya kitalu usiku kucha ni bora uielekeze kwingine. Kwa ndugu walioko Uingereza au Ujerumani wanaopanda kwenye vitalu vyao vya vioo bustanini, hilo ndilo jibu la swali lao. Julai majani yanafika kifuani na chini hakuna kitu. Tunguu linajaa Septemba na Oktoba. Anzeni kuotesha ndani Februari, mahali penye joto linalotoka chini ya chungu, na msing'oe mapema kwa kukata tamaa. Baridi ya usiku ikishuka chini ya nyuzi 13, ingizeni vyungu ndani na mpunguze maji.

Imeharibika baada ya kuvunwa

Tangawizi mbichi haipendi friji. Chini ya nyuzi 12 inapata majeraha ya baridi: ngozi inalowa, inabonyea, kisha ukungu unaingia. Ya mbegu itandaze kivulini penye hewa, kwenye mchanga mkavu au maranda ya mbao, tabaka moja moja, na uipitie kila wiki kuondoa zinazolainika.

Mbegu unayotilia shaka, ikiwa bado imelala, unaweza kuitumbukiza kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 10, kisha uipoze na kuikausha kivulini. Hilo hupunguza minyoo na baadhi ya kuvu, lakini usitegemee liue bakteria wa mnyauko. Tumia kipimajoto, si kidole. Maji ya moto kupita hapo yanaweza kuipika, yaliyopoa kuliko hapo hayatoshi. Sufuria iwe kubwa, mbegu ziwe chache, kwa sababu ukijaza joto linashuka mara moja. Mbegu iliyokwisha kuchipua usiitie humo kabisa.